KONA YA MWALIMU: Keki ya harusi, nani atasimama kuipokea?

Mwezi uliopita tuliongea juu ya watoto wanaotumwa maji wakati wa masomo, na nashukuru wote walioandika karatasi zao na kuziacha katika sanduku. Nimezisoma zote. Kati yake kulikuwa na moja ambayo haikuhusu maji hata kidogo. Dada mmoja wa upande wa Juru ameandika hivi: "Mwalimu, harusi yetu iko karibu. Mchumba wangu anasema keki si lazima. Mama yake mdogo anasema bila keki watu watatucheka mpaka wachoke. Sasa tumeanza kugombana juu ya keki. Wewe unasema nini?"

Kwanza nilicheka. Nikasema, mimi nafundisha hesabu na Kiswahili, keki inanihusu nini? Halafu nikaacha kucheka, maana nilikumbuka jambo lililonipata mwaka jana, tena kwa kosa langu mwenyewe. Acha nilieleze, hata kama nasikia haya.

Mwalimu mwenzangu alioa. Mimi nilikuwa katika komite na kazi yangu ilikuwa kuandika programu. Niliona ni kazi rahisi kabisa. Nilikuwa na programu ya harusi nyingine katika daftari, nikabadilisha majina tu, nikampelekea MC. Siku ikafika. Turubai lilifungwa vizuri, kwaya mbili ziliimba, na jenereta haikuzimika hata mara moja, jambo ambalo kwetu hapa ni sawa na muujiza. Keki ikaingia. MC akahesabu herufi, K, E, K, I, maharusi wakakata, vigelegele vikapigwa. Bibi harusi akawapelekea wazazi wake sahani, akapiga magoti, akamlisha mama yake na mama yake akamlisha yeye. Vizuri sana. Ndipo MC akasoma mstari uliofuata, ule mstari nilioandika kwa mkono wangu: "Sasa wazazi wa bwana harusi wasimame wapokee keki yao."

Hakuna aliyesimama.

Mwenzangu huyu alifika Nakivale akiwa na miaka 9, ameshikwa mkono na baba yake mdogo. Baba mzazi alibaki Kivu, katika udongo. Mama, mpaka leo hajui aliko. Yule baba mdogo naye alipata safari ya Marekani pamoja na watoto wake, na mtoto wa kaka hakuwa kwenye faili moja nao. Mimi nilijua habari hizo zote. Tumekaa naye meza moja miaka mitatu. Nilijua, na bado niliandika vile. MC hakujua, basi akarudia kwa sauti kubwa zaidi, sawa vile watu hawakusikia. Bwana harusi alikuwa amesimama katikati ya turubai na sahani mkononi, anaangalia ile sahani.

Halafu kutoka nyuma, kule kwenye masufuria, akatokea mama mmoja jirani yake. Huyu mama ni Mrundi na bwana harusi ni Mbembe, hawana udugu wowote. Alikuwa amefunga kikwembe cha kazi na mikono ina mafuta. Alikuwa anatupikia wali tangu saa kumi za usiku, na hakuna mtu wa komite aliyemwekea kiti mbele. Akapangusa mikono, akasema, tena si kwa sauti kubwa, "Niletee, mwanangu."

Kumbe ndiye aliyekuwa akimgawia chakula tangu baba mdogo alipoondoka. Wengi wetu hatukulijua hilo. Bwana harusi alipiga magoti palepale kwenye vumbi, na suti yenyewe ya kuazima. Watu walilia. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia jenereta.

Basi dada yangu wa Juru, tangu siku ile naiangalia keki kwa jicho lingine. Nimeuliza wazee, nimeuliza mama wapishi, nimesoma kidogo katika vitabu vya maktaba, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wengi wetu tunadhani keki ni kitu cha kutazamwa na kupigwa picha. Lakini ukiangalia desturi za makabila mengi yaliyo hapa kambini, utaona siku ya ndoa kuna kitu kimoja kinachotoka kwa maharusi kwenda kwa wakubwa, au watu wanakila pamoja kutoka chombo kimoja. Ndugu zetu Warundi wana mtungi wa pombe ya mtama, impeke, watu wanakaa kuuzunguka na kila mmoja anavuta kwa mrija wake. Wanyarwanda, na Banyamulenge wetu pia, wana maziwa. Wenyeji wetu Wanyankole hawawezi kusema harusi imekwisha kama eshabwe haikuonekana, ile samli nyeupe iliyopigwa. Kwetu Wacongo mbuzi ana vipande vyenye wenyewe, na mjomba akikosa chake utazisikia habari hizo miaka kumi. Huko Tanzania, Wachaga wa Kilimanjaro wanachoma mbuzi mzima, wanamsimamisha juu ya meza na majani mdomoni, wanamwita ndafu. Anaingizwa kwa nyimbo, anakatwa na maharusi, wanalishana, wanawapelekea wazazi. Siku hizi hata watu wasio Wachaga wanamweka ndafu kwenye sherehe zao, na wengine wanasema kabisa kwamba huyu ndiye keki ya kiasili.

Hata hao Wazungu waliotuletea keki walianzia kwenye mkate tu. Warumi wa zamani walikuwa na aina moja ya ndoa ya heshima ambayo bwana na bibi walishirikiana mkate wa ngano ya kale. Ndoa yenyewe iliitwa kwa jina la mkate huo, confarreatio. Hakukuwa na ghorofa wala maua ya sukari.

Ule weupe na ukubwa ni mambo ya juzi. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa tarehe 10 Februari 1840, na keki yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 136. Wakati ule sukari nyeupe safi ilikuwa ghali, kwa hiyo keki nyeupe ilikuwa kama kusema mbele ya watu wote, "tuko na pesa." Wenye mali wakaiga, wasio na mali wakaiga wenye mali, mpaka ikafika kwetu. Wacongo tuliipata kwa Wabelgiji, ndiyo sababu baba zetu wanasema gato.

Lakini sikiliza hii, juu hii ndiyo ilinifurahisha kuliko zote. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, hao Waingereza wenyewe wakapewa chakula kwa mgao, kila mtu na kadi yake. Ndiyo, kadi, kama sisi. Sukari iliwekwa kwenye mgao Januari 1940, na mwezi wa nane mwaka ule ule serikali ikakataza kabisa kupaka keki sukari kwa juu. Watu hawakuacha kuoana. Walifanya nini? Walikodi keki za boksi! Karatasi ngumu imepakwa rangi nyeupe na kupambwa kama keki ya ghorofa, inabebwa inaletwa ukumbini, inapigwa picha. Wakati wa kukata unainua boksi, chini yake iko keki ndogo ya kweli, pengine haina hata mayai ya kutosha. Kisha boksi linarudi kwa mwenyewe, kesho linakwenda harusi nyingine. Mgao wa sukari kwao uliisha mwaka 1953, kwa hiyo si jambo la mwezi mmoja.

Nimelieleza hili kwa sababu hapa kwetu watu wanacheka keki za boksi na zile za povu jeupe linalofungia televisheni. Nimesikia kwa masikio yangu, "Wale walikata plastiki." Ndugu zangu, tusichekane. Kama unapenda keki iwe ndefu kwa ajili ya picha, weka boksi juu, hakuna dhambi. Jambo moja tu: mwambie bwana harusi ghorofa ipi ni ya kweli. Nilikuwa kwenye sherehe moja huko Rubondo, maharusi wakachoma kisu kwenye boksi, kisu kikakwama, MC akasema keki imekauka kwa sababu ya upendo mwingi. Watu walicheka mpaka maji ya macho, lakini bibi harusi hakucheka.

Sasa tuje kwenye bei, maana nadhani ndiyo inayowagombanisha. Keki ya ghorofa tatu ya kuagiza Mbarara, pamoja na kuisafirisha, ingekula fedha tunazopewa sisi walimu wa kujitolea kwa miezi mingi. Tena kwa barabara yetu inafika imeinama kama mzee. Mimi nasema, msifanye hivyo. Hapa hapa kambini tuko na mama wanaojua kuoka bila oveni. Mmoja wao, ambaye meza yake iko karibu na soko, alinikubalia nikae naye asubuhi nzima nikiandika. Wanafunzi wangu wa darasa la tano mtaniona nimewaletea hesabu ya keki, msishangae.

Unachukua babula, ile wenyeji wanaita sigiri, na sufuria kubwa nzito yenye kifuniko cha kukaza. Ndani ya sufuria unaweka mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili. Unapasha moto ikiwa tupu kama robo saa. Bati la keki linakaa juu ya mchanga, unafunika, halafu unapanga makaa juu ya kifuniko. Siri iko hapa: makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Wengi wanafanya kinyume, ndiyo sababu keki inaungua tako na kichwa kibichi. Usifunue kabla ya nusu saa kupita, hata kama roho inakuuma. Kwa saa moja hivi keki imeiva. Chomeka kijiti kisafi katikati, kikitoka kikavu, toa.

Bati moja la mraba, sentimita 20 kwa 20, linataka robo kilo ya unga wa ngano, au farini kama tunavyosema, robo kilo ya sukari, robo kilo ya majarini, mayai 4, na kijiko kimoja na nusu cha chai cha bekingi pauda, ile wengine tunaita levire ya gato. Unapiga majarini na sukari kwa mwiko mpaka iwe nyeupe kama krimu, na hapo mkono utauma kweli, tafuta kijana mwenye nguvu. Yai unaingiza moja moja. Unga mwisho, taratibu. Ganda la ndimu likikwaruzwa ndani, linaleta harufu nzuri.

Sasa hesabu. Bati moja ukilikata vipande vya sentimita 4 kwa 2 na nusu, unapata 5 upande huu na 8 upande ule, jumla 40. Mabati manne ni vipande 160. Kwa hiyo kilo moja ya unga, kilo moja ya sukari, kilo moja ya majarini na mayai 16 vinalisha watu 160. Ukiyaunganisha mabati yale manne juu ya ubao mmoja, ukapaka sukari, unapata keki pana ya sentimita 40 kwa 40 inayoonekana mpaka nyuma ya turubai. Si ndefu, lakini ni pana, na yote ni ya kweli.

Ya kupaka juu, sukari ya unga ikikosekana dukani, twanga sukari ya kawaida katika kinu kikavu, chekecha kwa kitambaa chepesi. Changanya na maji ya moto na maji ya ndimu, kijiko kimoja kimoja, mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto. Ikikauka inakuwa ngumu nyeupe. Ile ya majarini ni tamu zaidi, lakini chini ya turubai saa nane mchana itateremka yote mezani, nimeona. Na ile ya ute wa yai ni nzuri kwa macho, ila yai ni bichi. Kwa mama wajawazito na watoto wadogo mimi naogopa.

Keki iokwe siku moja kabla, ipoe kabisa, ifunikwe kitambaa safi. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo ya maji. Sisimizi wa hapa hawasubiri MC awaite.

Sasa kuipeleka keki mbele ya watu. Meza ya keki isiwe karibu na spika, inatetemeka. Isiwe upande wa jua linaloingia jioni. Keki ikatwe kabla ya chakula, si baada, kwa sababu watu wakishashiba hakuna anayetazama tena, na giza likiingia kila mtu anafikiria njia ya kurudi nyumbani. Kisu kioshwe na kifungwe utepe, maharusi wakishike pamoja. Kulishana iwe kipande kidogo kama kidole gumba, na glasi ya maji iwe karibu, maana bibi harusi aliyekosa chakula tangu asubuhi kwa sababu ya gauni anaweza kupaliwa. Kupakana keki usoni ni mchezo wa filamu. Wazee wetu hawaupendi na mimi pia siupendi, sukari yenyewe tumeitafuta kwa shida.

Sahani za wazazi zitayarishwe kabla, vipande vizuri, zimefunikwa. Hapo nimeona namna mbili. Kuna wanaokwenda pamoja, bwana na bibi, kwanza kwa wazazi wa bibi halafu kwa wazazi wa bwana. Kuna wengine wanabadilishana, bibi anapeleka kwa wakwe zake na bwana kwa wakwe zake. Zote ni nzuri, ila komite ikubaliane mapema, kwa sababu nani alianza kupokea imeshaleta maneno mengi katika familia. Kisha wasimamizi wa ndoa, kisha watumishi wa Mungu au sheikh, kisha watu wote. Ningependa watoto wapate mapema. Wao ndio wamekaa chini mbele tangu mchana, hawajaondoa macho kwenye keki.

Na sahani moja iende kwa wapishi nyuma. Sasa mnajua kwa nini nasema hivyo.

Lakini kabla ya yote hayo kuna kazi ambayo mimi sikuifanya. Mtu wa programu akae na bwana harusi peke yake, kisha na bibi harusi peke yake, si mbele ya komite. Amwulize polepole: sahani yako itapokelewa na nani? Asiseme wazazi wako ni nani, hilo ni swali la ofisini na wote tumelichoka. Aulize nani atapokea. Utashangaa majibu. Mmoja ana mama wawili na wote wanastahili. Mwingine baba yake yupo, anakaa mstari wa pili wa nyumba kutoka kwake, lakini hakumlea. Tangu kosa lile nimekuwa nikiuliza hivyo, na binti mmoja aliniambia, "Baba yuko, mwalimu, lakini si yeye." Alimtaja mke wa kaka yake. Niliandika jina la mke wa kaka, na baba tukamwekea kiti cha heshima mbele na sahani yake pia ilikuja, mkononi mwa msimamizi. Hakukuwa na kelele. Katika programu usiandike "wazazi" kama hujauliza. Andika "mama aliyemlea", andika "kaka mkubwa", andika "jirani yetu."

Wale wenye wazazi Marekani au Kanada siku hizi wanawapigia video. Simu inawekwa kwenye kiti, na maharusi wanapiga magoti mbele ya kiti. Mwanzoni niliona kama mchezo. Kisha nikamwona baba mmoja kwenye simu, amevaa koti na tai, peke yake jikoni kwake, anafungua mdomo kama anayelishwa. Sikucheka. Kama mtafanya hivyo, mkumbuke saa. Kwetu ikiwa saa tisa mchana, wale walio upande wa mashariki wa Marekani ni asubuhi, na wengine wanatoka kazini usiku. Mega ziwekwe za kutosha, na simu isiwe ile ile ya kupigia muziki.

Na wale ambao wazazi wametangulia? Nimeona sahani ikiwekwa juu ya kiti kitupu chenye kitambaa. Kuna wachungaji waliokubali na kuna waliokataa. Mimi siingii humo, hayo ni ya familia na imani yao. Nasema tu iamuliwe nyumbani, si mbele ya kipaza sauti.

Kitu kimoja kinaniudhi na lazima nikiseme. Ni mnada wa keki katika mikutano ya komite. Desturi hii tumeiona kwa wenyeji wetu Waganda na kwa watu wa mjini, nao wanaiweza. Keki ndogo inaletwa mkutanoni, inauzwa kwa mnada kipande kwa kipande ili kuchangia harusi. Anayetaja bei kubwa anapigiwa makofi. Kwa watu wenye mshahara ni furaha. Lakini hapa, tangu mwaka 2023 tulipoanza kugawanywa kwa makundi ya chakula na wengine kukosa kabisa, mtu anataja bei kwa sababu ya aibu, kisha anarudi nyumbani anamweleza mama watoto. Nimemwona mzee akinunua kipande kwa fedha aliyotoka kuuzia maharagwe ya mbegu. Kama mnataka mchango, pitisheni daftari, kila mtu aandike anachoweza, hata kama ni makaa au mayai mawili. Mayai 16 si mengi kama nyumba 8 zinatoa mawili mawili.

Dada yangu, nimezunguka sana, samahani. Narudi kwenye karatasi yako.

Mama mdogo anasema mtachekwa. Ni kweli, watu wa hapa wanacheka, hata mimi nilicheka niliposoma. Kwa kilo moja ya unga mtakuwa mmemaliza neno hilo, na kama komite yenu inapenda nitakuja na rula kukata vipande. Mchumba wako anasema keki si lazima. Hilo pia ni kweli, ndoa inafungwa na kiapo, haifungwi na sukari.

Ila umemwuliza kwa nini hataki? Simjui mchumba wako, pengine anafikiria pesa tu, na hiyo ni akili nzuri. Lakini yule mwalimu mwenzangu, siku za komite, naye alisema keki si lazima. Alisema mara mbili. Tulidhani ni ubahili, tukamtania, mmoja wetu akasema, "Bwana, wewe unaogopa kulisha watu?" Akanyamaza, akatuacha tuendelee na programu yetu. Basi mwulize wa kwako mkiwa wawili, jioni, bila mama mdogo kuwa karibu. Mwulize sahani yake ingekwenda kwa nani. Akikujibu kwamba ni pesa, mpikishe keki ya mabati mawili. Akinyamaza, usimharakishe.

Kuhusu nani abaki na kisu cha keki, kama ulivyouliza nyuma ya karatasi: kama kimeazimwa, kirudi kwa mwenyewe siku ileile.

Mwezi ujao nitaandika juu ya watoto wanaolala darasani saa nne asubuhi, na kwa nini si uvivu. Mwenye neno aliweke katika sanduku kwenye mlango wa maktaba kabla ya tarehe 20. Na mama mpishi wa karibu na soko anasema anayetaka kujifunza kuoka aje siku ya Jumatano na makaa yake mwenyewe.

Wenu, Mwalimu.